Kufufua mtaa uliosahaulika kando ya kitovu cha jiji: kazi ya barabara hatua kwa hatua

Mtaa uliochoka karibu na katikati ya jiji una mtaji ambao mitaa ya pembezoni haina: ukaribu. Ofisi, masoko na vituo vya mabasi viko mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na bado watu hawapiti. Ukichunguza, kizuizi huwa ni kitu unachoweza kukigusa na kukipima. Inaweza kuwa barabara pana ya magari yaendayo kasi, njia ya giza chini ya reli, ukuta mrefu usio na mlango hata mmoja, au mtaro ulioziba unaofanya njia isipitike kila mvua ikinyesha. Kazi ya kufufua huanzia hapo, kwenye mshono kati ya mtaa na kitovu cha jiji, kisha huingia ndani taratibu.

Kosa linalopoteza fedha nyingi kuliko yote ni kuzitandaza fedha kidogo kidogo mtaa mzima: rangi hapa, benchi pale, taa tano kule. Baada ya mwaka mmoja hakuna anayekumbuka kulifanyika nini. Kipande cha mita 150 hadi 200 kilichokamilika, chenye mtaro, njia ya miguu, vivuko, taa na miti, kinavuta watu na biashara. Chagua kipande kinachogusa kitovu cha jiji moja kwa moja, hata kama sehemu mbovu zaidi iko ndani. Kipande kizuri kilichojitenga katikati ya ubovu hakifikiwi na mtu.

Pima kabla ya kuchora

Watu wawili wenye utepe wa mita 30, pima maji, chaki na ramani wanatosha kuanza. Kila baada ya mita 20 pima upana kutoka ukuta hadi ukuta, kisha weka alama kwenye ramani: milango, nguzo, miti, mifuniko ya chemba, mabomba ya mvua yanayoshuka kutoka mapaani. Halafu pima kimo cha kizingiti cha kila mlango kulinganisha na barabara. Kipimo hiki husahaulika mno, na matokeo yake ni mabaya: njia mpya inajengwa juu ya ile ya zamani, inapanda sentimita kumi, na mvua ya kwanza inaingiza maji dukani. Njia iliyokamilika iwe chini ya kizingiti na ishuke kuelekea barabarani kwa sentimita 2 kwa kila mita moja. Mteremko ukizidi hapo, kiti cha magurudumu kinavutwa upande. Ukipungua, maji yanatuama. Penye mlango ulio chini ya usawa wa barabara, weka mfereji mwembamba wenye wavu mbele ya mlango na uuelekeze kwenye mtaro mkuu. Jambo hilo liamuliwe kwenye mchoro, kwa sababu fundi akilikuta siku ya kutandaza atalitatua kwa saruji na mwiko.

Hesabu pia watu. Simama sehemu tatu: kwenye mshono na kitovu cha jiji, katikati ya mtaa, na mwisho wake. Hesabu dakika 15 asubuhi, mchana, jioni na usiku, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Tenganisha wanaopita na waliosimama au kukaa, na andika pembeni idadi ya wanawake, watoto na wazee. Usiku ukiona wanaume vijana peke yao, tatizo la taa na usalama limekwisha jieleza. Jan Gehl, msanifu wa Copenhagen aliyejenga kazi yake juu ya kuhesabu watu kwa namna hii, anashauri pia kutazama milango: mtaa hai una takriban milango 15 hadi 20 kwa kila mita 100. Mtaa wenye kuta tupu hauhuishwi na pevingi, yaani vitofali vya kutandazia njia, peke yake. Hapo zungumza mapema na wenye majengo kuhusu kufungua milango au vibanda vyembamba upande wa barabara.

Vunja kizuizi cha kwanza

Kama kuna barabara pana kati ya mtaa na kitovu cha jiji, anza na kivuko chake. Hesabu ni nyepesi. Mzee au mtu mwenye mtoto hutembea takriban mita moja kwa sekunde, kwa hiyo barabara ya mita 14 inahitaji sekunde 14 za kuvuka, juu ya zile za kuanza kutembea. Taa za kuongozea magari zinazompa sekunde 8 humwacha katikati ya magari. Ongeza muda, au jenga kisiwa cha katikati chenye upana usiopungua mita 2, ili kiti cha magurudumu au mtu anayesukuma baiskeli atulie bila ncha yoyote kutokeza kwenye leni.

Kona nazo zinapuuzwa. Kona yenye duara la nusu kipenyo cha mita 10 humruhusu dereva kukata bila kupunguza mwendo, na humrefushia mtembeaji safari ya kuvuka. Kwenye mitaa midogo punguza hadi mita 3 au 5. Malori ya taka na magari ya zimamoto yanaweza kuchepuka kidogo kwenye leni ya pili, na jambo hilo unalijaribu kwa koni kabla ya kumwaga zege.

Leni zenye upana wa mita 3.5 na zaidi hualika mwendo wa kasi. Mita 3 zinatosha mtaani, na mita 3.25 pale mabasi yanapopita. Kila sentimita unayookoa iende kwenye njia ya miguu. Lengo ni kilomita 30 kwa saa: kwa mwendo huo wengi wanaogongwa hunusurika, ilhali kwenye 50 hatari ya kifo hupanda mara kadhaa. Mji wa Lancaster, California, ulifanya hivyo mwaka 2010 kwenye barabara yake kuu iliyodorora: leni za magari zilipunguzwa, na katikati ikawekwa baraza ndefu ya kutembea yenye miti na nafasi za kuegesha.

Kivuko kilichoinuliwa kinafanya kazi kuliko tuta. Kiinue milimita 75 hadi 100, juu kiwe bapa kwa mita 3 au zaidi, na kila upande mteremko wa mita 1 hadi 1.5. Hitilafu ya kawaida ni kusahau maji: kivuko kinageuka bwawa upande wa juu. Weka bomba chini yake au chemba ya kupokea maji kabla hujakifikia. Pale njia ya miguu inaposhuka barabarani, mteremko usizidi sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, na usiache kidato mwishoni. Tandaza vitofali vyenye vinundu kwenye ukingo ili asiyeona ajue kwa mguu kwamba barabara inaanza.

Jaribu kwa rangi kwanza

Kabla ya kujenga chochote cha kudumu, chora mpango barabarani kwa rangi, koni na vyungu vizito vya miti, kisha uache wiki nne hadi sita. Mwaka 2009 jiji la New York lilifunga sehemu ya Broadway kwenye Times Square kwa vizuizi na viti vya bei rahisi, na eneo likaja kujengwa rasmi baadaye. Jaribio lina thamani likitazamwa. Angalia alama za matairi kwenye rangi, lori linapopakua mizigo na saa yake, na mahali watu wanapohamishia viti. Watu wakisogeza viti kila siku mpaka chini ya ukuta ule ule, hapo ndipo pa kuweka benchi la kudumu.

Chini kwanza, juu baadaye

Hakuna kinachouma kama pevingi mpya inayofumuliwa baada ya miezi mitatu kwa ajili ya bomba la maji. Kabla ya kutandaza, waite kwenye meza moja wenye mabomba ya maji, majitaka, umeme na mawasiliano, na waandike kwa tarehe kazi wanazotarajia kwa miaka mitano ijayo. Bomba lililozeeka libadilishwe sasa. Kwenye kila kivuko na kila kona laza mabomba matupu ya akiba, angalau mawili ya kipenyo cha milimita 110, kina cha sentimita 60, yenye kamba ndani ya kuvutia nyaya siku za usoni. Laza utepe wa tahadhari sentimita 30 juu yake. Chukua picha na vipimo kabla ya kufukia, kwa sababu ramani za zamani za chini ya ardhi mara nyingi hudanganya.

Kufukia ndiko kunakoharibu mitaa mingi. Mtaro wa bomba ukijazwa kwa mara moja na kushindiliwa juu tu, udongo wa chini unaendelea kushuka kwa misimu kadhaa na njia inabonyea mstari mzima. Jaza kwa tabaka za sentimita 15, nyunyiza maji kiasi, shindilia kila tabaka kabla ya kuongeza nyingine. Msimamizi asimame hapo, kwa kuwa kazi hii haionekani tena ikishafunikwa.

Mtaro wa maji ya mvua uwe na mteremko wa angalau sentimita 50 kwa kila mita 100. Chini ya hapo mchanga unatuama na mtaro unaziba. Upana wa ndani usipungue sentimita 30, kipimo ambacho koleo linaingia. Mfuniko wa zege wa sentimita 60 kwa 40, unene wa sentimita 7.5, una uzito wa kilo zipatazo 43, na watu wawili wanaweza kuunyanyua. Mifuniko mikubwa zaidi haifunguliwi kamwe, na mtaro usiofunguliwa hausafishwi. Kila baada ya mita 15 hadi 20 weka chemba yenye shimo la kunasa mchanga, sentimita 30 chini ya tundu la kutokea maji. Wavu wa chuma ulale kwa namna ambayo vyuma vyake vinakatiza mwelekeo wa kutembea. Vikienda sambamba nao, gurudumu la baiskeli au la kiti linazama.

Kutandaza njia ya miguu

Njia iliyo wazi kwa kutembea isipungue mita 1.8, na penye maduka iwe mita 2.4 hadi 3. Nje ya hapo ongeza ukanda wa mita 1.2 hadi 1.5 upande wa barabara kwa nguzo, miti, mabenchi na mapipa, na nusu mita upande wa ukuta kwa milango na bidhaa za maduka. Nguzo moja yenye kitako kipana iliyosimamishwa katikati ya njia inaifanya njia ya mita 2 kuwa ya sentimita 80 pande zote mbili, na hapo mwenye kiti cha magurudumu anarudi barabarani kwenye magari.

Anza na mawe ya ukingo, maana pevingi bila ukingo imara husambaa. Yalaze juu ya zege la unene wa sentimita 10 hadi 15, kisha uyakingie nyuma kwa zege hadi theluthi mbili za kimo chake. Yaache siku tatu au zaidi kabla ya kushindilia karibu nayo.

Chimba hadi udongo mgumu, ondoa mizizi na udongo mweusi, shindilia. Weka kokoto zilizochanganyika saizi, unene wa sentimita 15 kwa watembeaji. Pale magari yanapopanda kuingia uani, sentimita 25 kwa tabaka mbili. Juu yake mchanga wa sentimita 4, ulionyooshwa kwa ubao juu ya vyuma viwili vya kupimia. Fundi mvivu hutumia mchanga kusawazisha makosa ya kokoto: sentimita 4 hapa, 10 pale. Mahali penye mchanga mnene patabonyea kwanza, kila mara. Usawa wote ufanywe kwenye kokoto.

Mchanga wenyewe upimwe kabla ya kupokelewa. Chukua chupa ya kioo, weka mchanga wa kimo cha milimita 50, jaza maji, tikisa kwa nguvu, uiache saa tatu juu ya meza isiyotikisika. Tope litatulia juu kama utando wa rangi tofauti. Likizidi milimita 3, rudisha lori. Mchanga wenye tope hushika maji, na vitofali huanza kucheza mvua za kwanza.

Kwa watembeaji tumia vitofali vya milimita 60, na pa magari milimita 80 vilivyopangwa kwa mtindo wa mfupa wa samaki, kwa kuwa mpangilio huo hausukumwi na matairi. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 5 kati ya kimoja na kingine, jaza mchanga mkavu mwembamba, pitisha mashine ya kushindilia mara mbili, fagia mchanga tena, pitisha tena. Vipande vya kukatia pembeni visiwe vidogo kuliko theluthi ya kitofali. Vidogo zaidi hung'oka.

Hesabu ya vifaa kwa njia ya mita 100 yenye upana wa mita 3, yaani mita za mraba 300: vitofali vya sentimita 20 kwa 10 ni 50 kwa mita ya mraba, jumla 15,000. Ongeza asilimia 5 ya kukata na kuvunjika, upate 15,750. Kokoto za sentimita 15 ni mita za ujazo 45 baada ya kushindiliwa. Agiza kama 58, kwa sababu hupungua ujazo zikikazwa. Mchanga wa kulazia ni mita za ujazo 12, pamoja na ziada ya mapengo. Agiza pia vitofali 400 vya kuweka stoo, kutoka shehena ile ile. Miaka mitatu baadaye rangi ile haipatikani tena.

Miti na taa zipangwe pamoja

Mchoro wa taa ukifanywa na mmoja na wa miti na mwingine, nguzo huishia ndani ya matawi. Weka nguzo kila mita 18 hadi 20, zenye kimo cha mita 4.5 hadi 5, na mti katikati ya nguzo mbili. Taa za juu mno zinamulika paa za magari na kuacha nyuso gizani. Chagua mwanga wa manjano wa Kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga) au chini, kisha ujaribu usiku: unapaswa kuitambua sura ya mtu akiwa mbali na wewe hatua kumi, hata akisimama mlangoni. Njia ya chini ya reli iwashwe mchana pia, kwa sababu jicho linalotoka juani halioni kitu ndani.

Mti wa ukubwa wa kati unahitaji takriban mita za ujazo 10 za udongo. Shimo la mita moja kwa moja linaupa sehemu ndogo tu ya hizo, ndiyo maana miti mingi ya mjini hudumaa au kupasua njia ikitafuta nafasi. Chimba handaki refu la mita 1.5 kwa 1, linaloendelea chini ya pevingi kutoka mti hadi mti. Penye kubeba uzito jaza kokoto kubwa za milimita 20 hadi 40 zilizochanganywa na udongo, sehemu nne za mawe kwa moja ya udongo kwa uzito: mawe yanabeba njia, mizizi inapita katikati. Shingo ya mizizi, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki juu ya ardhi. Ikifukiwa, mti huoza polepole bila mtu kujua chanzo. Maji lita 40 hadi 60 mara mbili kwa wiki kwenye kiangazi, miaka miwili ya mwanzo. Egemeo la mti liondolewe baada ya mwaka, na matawi ya chini yakatwe hadi kimo cha mita 2.5 kutoka ardhini ili yasiwagonge wapitao.

Mabenchi yawe na kimo cha sentimita 45, egemeo la mgongo na mikono, kwani mzee huinuka kwa kushika. Kila mita 50 pawe na moja lenye kivuli.

Usiue biashara unazotaka kuziokoa

Maduka madogo yanaweza kufa wakati wa ujenzi, kabla ya faida kufika. Fanya upande mmoja kwa wakati, vipande vya mita 60 hadi 100, na usifungue kingine mpaka kilichotangulia kikabidhiwe. Kila mlango ubaki na daraja la mbao la upana wa mita 1.2 lenye kingo za pembeni. Epuka msimu wa mauzo makubwa. Bango la mbele ya kila kipande lionyeshe tarehe ya kumalizika na nani anayehusika na malalamiko, nalo libadilishwe kila wiki.

Wachuuzi waliokuwepo wapewe nafasi zilizochorwa, mita 1.5 kwa 1.5, kwenye ukanda wa nguzo na miti, nje ya njia ya kutembea. Wakifukuzwa, mtaa unapoteza macho yanayoulinda jioni. Nafasi za kupakua mizigo zitengwe kwa saa za asubuhi, la sivyo malori yatapanda kwenye pevingi mpya.

Kodi nayo itapanda, na hili lisemwe waziwazi mwanzoni. Wapangaji wasainiane na wenye majengo mikataba ya miaka mitano au zaidi kabla mradi haujatangazwa kwa kishindo, na kila mwenye jengo atakayepewa msaada wa kukarabati uso wa jengo lake akubali kwa maandishi kikomo cha ongezeko la kodi. Baada ya taa kuwaka, nguvu ya kujadiliana imekwisha. Wakazi wenye kipato kidogo ndio waliouweka mtaa hai miaka ya ukiwa, na ni haki yao kuufaidi ulipopendeza.

Baada ya kukabidhiwa

Zuia sehemu ya malipo ya mkandarasi, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, mpaka miezi 12 ipite na angalau msimu mmoja wa mvua kubwa. Siku ya mvua ya kwanza pita na chaki na uzungushe kila dimbwi linalobaki saa moja baada ya mvua kukatika. Orodha hiyo ndiyo ya matengenezo.

Fedha za usafi na ukarabati zitengwe kwenye bajeti ya mwanzo. Watu wawili wenye fagio, koleo na ufunguo wa chemba wanatosha kipande cha mita 200: kufagia kila siku, kuzibua chemba kabla ya mvua, kurudisha kitofali kilichong'oka siku hiyo hiyo. Kitofali kimoja kikikosekana, jirani zake hupoteza mshiko na shimo hukua kwa wiki chache.

Miezi sita na kumi na miwili baadaye rudi sehemu zile zile tatu, saa zile zile, na uhesabu tena. Idadi ya wanaopita ikipanda lakini wanaokaa wakibaki wale wale, ongeza kivuli na viti kabla ya kwenda kipande cha pili. Wanawake wakiwa bado wachache usiku, angalia taa zilizozimika na milango inayofungwa mapema, kisha urekebishe hilo kwenye mchoro wa mita 150 zinazofuata.